Maoni ya Mpenda Sinema



Wengi wetu huenda sinema kutazama mapigano. Mimi pia nilikuwa hivyo, lakini picha mbili zilizotengenezwa hapa Kenya zimenigeuza nia.

Ya kwanza ni Supa Modo ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Mtoto Jo ana ugonjwa usiopona, naye atamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Mama yake ataka akae ndani apumzike. Dada yake ataka acheze. Mwishowe kijiji kizima chamsaidia kutengeneza picha yake mwenyewe. Nililia bila haya, ijapokuwa naona wanakijiji wale ni wema kupita kiasi.

Ya pili ni Nawi ya mwaka 2024. Binti hodari wa masomo huko Turkana ataka kuingia shule ya sekondari, lakini baba yake amwoza ili apate mifugo. Hii naiona bora zaidi. Msiba wa Jo hauna dawa. Msiba wa Nawi dawa unayo, nayo i mikononi mwetu wazazi.

Basi, baba atakayekwenda kuitazama, na aende pamoja na binti yake.