Pansioni ya Ulaya na impo ya hapa: maneno tuliyowaambia wandugu waliorudi Lubumbashi

 Komite ilituomba tuseme juu ya pansioni na impo. Hatukuja kusoma sheria mbele yenu. Tutasema yale tunayokutana nayo wakati tunatembelea familia, yale yenye kukata feza ya watu.

Kuna swali moja mutu anapashwa kujiuliza mbele ya kununua tikiti: hii feza ninapokea kila mwezi, niliichangia kazini ao ninasaidiwa? Maana feza mbili hizo zinaingia kwa konte moja, siku moja, na muzee anaziita zote pansioni. Lakini ile ya kuchangia inaweza kukufuata mpaka Kenya ao Katuba, na ile ya musaada inabaki kule. Ubelgiji wanaiita GRAPA: mwenye kuipokea ana siku 29 tu kwa mwaka za kuwa inje ya inchi. Ufaransa iko ASPA, na tangu 2023 wanaomba mutu aishi Ufaransa zaidi ya miezi 9 kwa mwaka. Canada, ile pansioni ya uzee inayotoka kwa serikali inalipwa inje bila mwisho kwa mutu aliyeishi kule miaka 20 kisha kufikisha miaka 18. Kama haifiki, inakatwa kisha miezi 6. Uingereza wanalipa mpaka hapa, lakini kiasi kinabaki palepale ulipoanzia. Wenzako waliobaki London wanaongezewa kila mwaka, wewe hapana.

Wamama ndio wanaumizwa zaidi na neno hili. Mama aliyelea watoto, akafanya ménage miaka michache bila kutangazwa, pansioni yake ya kweli ni kidogo sana, na sehemu kubwa ni musaada. Bwana anasema «turudi, feza itatufuata». Ya bwana inafuata. Ya mama inabaki. Musikubali kurudi mbele mama hajaona karatasi inayotenganisha feza hizo mbili, kila moja na hesabu yake.

Sasa uraia. Hapa watu wanapunguza sauti, lakini tuseme wazi. Katiba yetu ya 2006, artikle ya 10, inasema uraia wa Congo ni mumoja, hauchanganyike na mwingine. Na upande wa Ubelgiji, sheria ya pansioni inaangalia unaishi wapi na una paspoti gani. Mubelgiji akihamia Congo, pansioni yake ya kazi inamufuata. Mukongomani aliyebaki Mukongomani anapashwa kuuliza Service fédéral des Pensions, kwa maandiko, akiwa bado kule: «Kwa uraia wangu na karatasi yangu ya kukaa, mutanilipa nikiishi Congo?» Anangojea jibu la maandiko, ya mudomo haitoshi. Na aliyeishi kule kama mukimbizi ajue kwamba, kufuatana na mapatano ya Genève ya 1951, ulinzi wa mukimbizi unaisha akirudi kukaa kwa mapenzi yake katika inchi aliyokimbia. Kama haki yake ya pansioni ilisimama juu ya ile karatasi, aulize mara mbili. Kwa hiyo paspoti inayomurahisishia muzee pansioni ndiyo inayomuomba viza ya kuingia kwa mama yake. Sisi tunaona si haki, lakini kuficha paspoti moja chini ya godoro si dawa. Siku ya karatasi ya uzima itaonekana.

Ile karatasi, certificat de vie, inakuja mara moja kwa mwaka. Unaipeleka kwa komini ao kwa ambasade, wanakuona kwa macho, wanatia sinyatire na muhuri, unairudisha. Isiporudi, malipo yanasimama. Kazi kubwa ni majina. Mwaka wa 1972 Zaïre ilituachisha majina ya wazungu. Watu wakawa na post-nom, kisha majina ya batizo yakarudi. Kwa hiyo papa mumoja anaweza kuitwa namna tatu: jina la masomo, jina la kazi, jina la paspoti ya Ulaya. Tulimusindikiza muzee mumoja kwa komini, na yule wa ofisi akakataa kuandika jina la karatasi ya Ulaya kwa sababu kitambulisho chake cha hapa kilikuwa na jina lingine. Alikuwa na haki ya kukataa. Ikabidi muzee akatafute tribinali imupe hukumu inayosema majina yote ni ya mutu mumoja. Malipo yakasimama miezi, akaishi kwa deni la wajukuu. Hukumu hiyo itafuteni mapema, wakati hamuna haraka. Tarehe ya kuzaliwa pia: mwenye kuwa na tarehe mbili achague njia ya kuzisawanisha akiwa bado na nguvu ya kutembea.

Na mutu akifariki, familia iandike kule upesi. Tunajua matanga inakula feza, na konte ingali inapokea. Lakini miezi iliyolipwa kisha kifo itaombwa kurudishwa, na mujane mwenye haki ya pansioni ya bwana wake ataanza mazungumuzo na deni.

Juu ya impo: kuondoka hakukutoi kwa impo ya kule. Ukiwa Ubelgiji unajifutisha kwa komini, wanakupa karatasi inayoitwa modèle 8. Ichunge. Kisha hapo, kama feza ingali inatoka kule, utaandika déclaration ya wasioishi inchini. Ubelgiji na Congo walisaini mapatano mwaka wa 2007 ya kuzuia mutu asilipe impo mara mbili, lakini mapatano hayajitangazi yenyewe: ofisi ya kule itaomba karatasi ya DGI inayoonyesha kwamba unaishi hapa kwa mambo ya impo. Ufaransa haina mapatano kama hayo na sisi.

Wengi wenu mulijenga nyumba na mumepangisha. Ile kodi ya nyumba ni mapato, na impo yake ni ya jimbo: hapa Haut-Katanga ni DRHKAT. Muombe numéro impôt kwa DGI, mulipe kwa banki, muchunge kitansi. Anayekuja kwa parselle na kuomba «kidogo ya mukono» si impo.

Neno la mwisho ni kwa waliofanya kazi hapa mbele ya kuondoka, Gécamines, SNCC na kwingine. INSS ya zamani leo ni CNSS, na sheria ya 15 julai 2016 imeweka miaka ya pansioni kuwa 60, mwanaume na mwanamuke. Miezi yenu ya kuchangia zamani haikufa. Mulete karatasi yoyote muliyo nayo: kontra, fiche de paie, hata kama panya wamekula pembe. Tutakaa pale chini ya muembe mpaka saa kumi, na wenye kuwa na barua ya Ulaya wasiyoielewa waanze mbele.