Bastola Safi, Nyumba Salama
Kama uko Buhare au kwingineko Musoma na unamiliki bastola kwa kibali, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ujue unyevunyevu wa Ziwa Victoria huleta kutu.

Kabla ya kusafisha, watoto watoke. Chomoa magazini kwanza, ndipo ukoki na kutazama chemba. Ipapase pia kwa kidole. Risasi moja iliyosahaulika humo yatosha kuua. Risasi zote ziwe katika chumba kingine.

Fungua madirisha. Sugua mtutu kwa brashi, pitisha kitambaa mpaka kitoke cheupe, kisha paka mafuta ya silaha, tone tu.

Ukimaliza, ifungie bastola kabatini kwa kufuli. Ajali haina kinga, lakini uzembe unayo: macho yako.