Moyo Haupigi Gwaride
Maafisa na askari mlioko Gisenyi: moyo wenye afya haupigi kama hatua za gwaride. Mtu aketipo kimya, mapigo huongezeka kidogo avutapo pumzi na kupungua aitoapo. Nafasi kati ya pigo na pigo hazilingani. Umri wa makamo hufifisha tofauti hiyo, na mwili hukawia kutulia baada ya hekaheka. Mazoezi ya kudumu huirejesha kiasi. Lakini afisa aliyehamia mezani huzitegemea mbio zake za depo, kana kwamba zingali zikimlinda! Mwendo wa haraka kando ya Ziwa Kivu, dakika 30, siku 5 kwa juma, watosha kuanzia. Aonaye kizunguzungu au maumivu ya kifua, amwone daktari kwanza.