Mafundi na Marubani wa Ndege za Jeti za Zamani

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mfasiri wa Serikali mjini Eldoret, mbele ya wanafunzi wa sekondari na wazazi wao.



Nimeombwa niseme habari za ndege za jeti za zamani zinazorushwa katika maonyesho, na habari za watu wanaozirusha. Najua wengi wenu mmekuja kusikia habari za marubani. Nitazisema, lakini nataka radhi mapema, kwa kuwa sehemu kubwa ya maneno yangu itakuwa juu ya watu wengine, ambao majina yao hayatangazwi katika vipaza sauti.

Kazi yangu ni kufasiri, na nilipokuwa nikitayarisha mazungumzo haya nilikwama muda mrefu katika neno moja. Waingereza wana jina la rubani, na wana jina la wale wanaobaki ardhini kuishughulikia ndege. Nikaandika "watumishi wa chini". Nilipoyasoma tena nikaona nimewatukana, maana katika lugha yetu mtu wa chini ni mtu mnyonge asiye na cheo. Nikajaribu "watu wa ardhini", ikawa kana kwamba nazungumza habari za wachimba migodi. Mwisho nikachagua "mafundi wa uwanjani", ingawa yakini si wote walio mafundi: yuko anayejaza mafuta, na yuko anayesimama na kizima moto mkononi akiomba asipate kazi siku hiyo.

Nianze na ndege iliyokuwa yetu. Jeshi la Anga la Kenya lilianzishwa tarehe 1 Juni 1964, na ndege zake za kwanza zilikuwa Chipmunk za kujifunzia, zenye panka puani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 likapata jeti zake za kwanza, nazo zilikuwa Strikemaster sita zilizoundwa Uingereza. Strikemaster ni ndege ndogo yenye injini moja iitwayo Viper, na watu wawili huketi bega kwa bega, si mmoja nyuma ya mwingine kama ilivyo katika jeti nyingi za kivita. Ilitokana na ndege ya kufundishia marubani iitwayo Jet Provost. Waundaji waliiongezea nguvu ili ichukue silaha na ipate kushuka katika viwanja visivyo laini.

Mwaka wa 1978 zilikuja F-5 za Marekani, na miaka michache baadaye Hawk za Uingereza, na Strikemaster zikawa wazee. Mwaka wa 1988 ziliuzwa Botswana. Huko nako zikatumika mpaka katikati ya miaka ya 1990, walipopata jeti zenye mwendo zaidi. Basi hapo mtu angedhani habari zimekwisha na ndege zimekatwakatwa kuwa sufuria. Sivyo. Baadhi yake zilinunuliwa na watu binafsi wakazirudisha Uingereza, zikapakwa rangi upya, zikaanza kurushwa mbele ya watazamaji. Kwa hiyo mtoto wa Kiingereza aliyesimama na baba yake kando ya uwanja, akaziba masikio kwa vidole, huenda alikuwa akitazama ndege iliyowahi kuruka juu ya Mto Athi.

Marubani wa ndege hizo ni watu wa namna gani? Aghalabu ni watu waliopata kuwa marubani wa jeshi, au wanaorusha ndege za abiria siku za kazi na kurusha jeti ya zamani Jumapili. Kuwa na leseni peke yake hakutoshi. Anayetaka kuonyesha michezo ya angani mbele ya watu hutahiniwa na mtahini, na hati yake husema ni michezo gani anayoruhusiwa na asishuke chini ya futi ngapi. Na mafundi? Wengi ni wazee waliostaafu jeshini, waliozijua ndege hizo zilipokuwa mpya, na pamoja nao vijana wachache wanaojifunza. Wengi wao hawalipwi chochote ila chai.

Ninyi mlio wana wa wakulima wa Uasin Gishu mtaielewa kazi yao upesi kuliko watu wa Nairobi. Nani kati yetu hamjui mkulima mwenye kombaini ya zamani, ambayo kiwanda chake hakitengenezi tena vipuri, naye kila msimu wa kuvuna ngano huirudisha shambani kwa ujuzi na kwa ukaidi? Fundi wa jeti ya zamani ni ndugu yake. Hutafuta kipuri katika ndege nyingine iliyokufa, au huomba kibali cha kukitengeneza upya. Lakini hapa pana tofauti, nayo ni kubwa. Kombaini ikizimika husimama katikati ya ngano, na mwenyewe hushuka akaenda kutafuta fundi.

Tena kuna ugonjwa wa chuma ambao jicho peke yake haliwezi kuuona. Chukua waya wa seng'enge uukunje na kuukunjua mara nyingi: haukatiki mara ya kwanza wala ya kumi, lakini utakatika. Mbawa za ndege hukunjwa namna hiyo kila rubani anapopinda kwa nguvu. Strikemaster za New Zealand zilipata nyufa za uchovu huo katika mbawa. Ndiyo sababu kila ndege ina kitabu chake, na ndani yake huandikwa saa ilizoruka na jinsi ilivyokunjwa, tangu siku ilipotoka kiwandani. Ndege iliyopita katika mikono ya majeshi mawili na wenyewe kadha wa kadha ina vitabu vingi, na ukurasa mmoja ukipotea fundi hawezi kuujaza kwa kukisia.

Sasa niwaeleze siku ya maonyesho yenyewe. Watazamaji hufika saa nne. Mafundi wapo tangu alfajiri. Hufungua vifuniko, hutazama mafuta ya hidroliki, hupapasa tairi kwa kiganja, na kumulika kwa tochi mdomo wa injini. Wengine hutembea mstari mmoja wakiokota vijiwe na misumari njiani, kwa maana injini ya jeti huvuta hewa kwa nguvu nyingi, na kijiwe kidogo kikimezwa huweza kuharibu visu vyake vyote.

Kisha kiti. Jeti hizi zina viti vyenye baruti, ambavyo humrusha rubani nje ndege ikishindikana. Ndege ikiwa imesimama, kiti hufungwa kwa pini ili kisilipuke. Kabla ya kuruka pini hutolewa na kuhesabiwa, fundi na rubani wakiziona wote wawili. Hapana kicheko wakati huo. Fundi aliyeketi juu ya kiti kisichofungwa pini ameketi juu ya mzinga.

Mwisho kuna sahihi. Fundi mwenye leseni huandika jina lake katika kitabu kwamba ndege hii inafaa kuruka, na rubani naye hutia sahihi kwamba ameipokea. Nadhani hapa ndipo mahali pazito kuliko pote, pazito kuliko ndege kupinduka angani. Watu elfu kadhaa wamelipa, mwenye kipaza sauti ametangaza, mwenye ndege ametumia mali yake, na mzee mwenye ovaroli anaona tone la mafuta mahali pasipotakiwa tone, anaweka kalamu chini, anasema, "Leo hairuki." Kikundi ambacho mzee huyo anaogopa kusema hivyo, mimi nisingempeleka mtoto wangu kukitazama.

Nasema hivi kwa sababu mabaya yametokea. Tarehe 14 Novemba 2009, katika maonyesho ya Overberg, Afrika Kusini, hidroliki za ndege ya zamani aina ya Lightning ziliharibika angani. Rubani alitaka kujirusha nje, asiweze, akafa. Tarehe 22 Agosti 2015 huko Shoreham, Uingereza, ndege aina ya Hunter iliyoundwa mwaka wa 1955 ilijaribu kuzunguka duara la wima angani, ikaanguka barabarani. Watu 11 walikufa, nao hawakuwa ndani ya uwanja: walikuwa barabarani au kando yake. Rubani aliokoka. Wachunguzi walieleza kwamba ndege ilianza duara ikiwa na mwendo mdogo kuliko uliotakiwa, na kileleni ilifika kama futi 2,700 badala ya 3,500. Waliona pia kwamba baruti za viti zilikuwa zimepita tarehe yake. Hilo silo lililoiangusha ndege, lakini ni neno la kutisha kwa wazima moto wanaokimbilia mabaki. Baada ya hapo wakuu wa usafiri wa anga wa Uingereza walizikataza jeti hizo za zamani kucheza michezo mikali juu ya nchi kavu. Zikaruhusiwa kupita tu.

Sasa mtaniuliza: je, kikundi kama hicho kingeweza kuja Eldoret? Kiwanja chetu kilichofunguliwa mwaka wa 1997 kina njia ndefu, kama kilomita tatu na nusu. Lakini tunakaa kiasi cha mita 2,100 juu ya bahari, na hewa yetu ina uzito wa kama sehemu nne tu kwa tano za hewa ya pwani. Vijana wa Iten na wa Kaptagat wamefanya hewa hiyo nyembamba kuwa utajiri: mwili wao huongeza damu, nao wakishuka Ulaya huwaacha wenzao nyuma. Injini haina damu ya kuongeza. Ikipewa hewa pungufu hutoa nguvu pungufu, na mbawa nazo hutaka mwendo zaidi kabla ya kuinua ndege, kwa hiyo ndege hukimbia chini mbali zaidi.

Na juu mambo ni hivyo hivyo. Saa ya mwendo iliyo mbele ya rubani itamwonyesha tarakimu ile ile aliyoizoea pwani, lakini kwa kweli anakwenda upesi zaidi, na duara lake angani litapanuka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Kipimo chake cha kimo, kikiwa kimewekwa kwa usawa wa bahari, kitasoma karibu futi 7,000 magurudumu yakiwa bado juu ya lami yetu. Rubani atakayekuja na tarakimu za Uingereza kichwani, asizihesabu upya, atajiua. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, angeweza kuja. Lakini ningependa kwanza kuona karatasi zake za hesabu, na kumwona fundi wake.

Kenya yenyewe imekuwa na maonyesho yake. Tarehe 28 Mei 2022 watu walikusanyika Uhuru Gardens, Nairobi, kuyatazama maonyesho ya anga ya majeshi yetu. Na zile F-5, zilizofika mara ya kwanza mwaka wa 1978, nazo zimezeeka. Anayezirusha siku hizi aghalabu ni kijana kuliko ndege yake, na fundi aliyeifunga bolti yake ya kwanza amekwisha kuwa babu.

Kwa vijana wanaotaka kujua njia ya kazi hii: Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki kiko Embakasi, nacho hufundisha matengenezo ya ndege. Leseni ya fundi hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, baada ya mitihani na miaka ya kazi chini ya fundi mwenye leseni. Wako wanaochagua mwili wa ndege na injini, na wako wanaochagua umeme, redio na vyombo vya kupimia. Hisabati na fizikia hutakiwa, na Kiingereza pia, kwa sababu vitabu vya ndege vimeandikwa kwa lugha hiyo. Wasichana hupokelewa sawasawa na wavulana. Nasema hivi kwa kuwa mama mmoja aliniuliza mlangoni nilipokuwa nikiingia, na binti yake akainamisha kichwa kwa haya. Ameketi pale mstari wa tatu. Naona ameinua mkono, basi tuanze na swali lake.