Kuchagua Kochi la Nyumbani: Mazungumzo na Wenyeji wa Thika na Ruiru



Nimeombwa kuzungumza nanyi habari za kochi. Huenda wengine wakacheka, wakasema kwamba hilo si jambo la kuwakusanyia watu barazani. Lakini fikirini kidogo. Katika nyumba nyingi za kwetu hakuna chombo kinachokula fedha nyingi kwa mkupuo mmoja kama kochi, na aghalabu hununuliwa kwa akiba ya chama iliyokusanywa mwaka mzima, au kwa mkopo. Likivunjika kabla ya mkopo kwisha, mwenye nyumba hulipa kila mwezi deni la kitu ambacho sasa kimetupwa nyuma ya nyumba, kuku wanakilalia.

Mtu asafiriye katika barabara kuu ya Thika, ile iliyopanuliwa ikafunguliwa mwaka 2012, huona makochi yamepangwa kando ya njia, mekundu, ya kijani, na ya rangi ya maziwa, mengine yamevikwa nailoni yasiingiwe na vumbi. Yanapendeza macho. Walakini si macho yatakayoyakalia. Kitambaa ni nguo tu. Mwili wa kochi umo ndani, na huko ndani ndiko ninakotaka kuwapelekeni.

Wazee wa Wakikuyu walikalia kigoda kilichochongwa katika gogo moja, kisicho na kiungo hata kimoja. Kigoda kama hicho mtu alikitumia mpaka uzeeni na kumwachia mwanawe, kwa kuwa mahali pa kulegea hapakuwapo. Kochi ni kinyume chake. Lina viungo ishirini au thelathini, na kila kiungo ni mahali ambapo laweza kufa. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza si rangi wala mtindo, bali ni hili: kiunzi chake ni cha mbao gani, na zimeunganishwaje?

Mbao zinazopatikana kwa wingi katika nchi yetu ni za saipresi na paini, ambazo hupandwa katika misitu ya serikali, pamoja na mikaratusi na migrivea ya mashambani. Mbao za mvule na za mahogani nyingi hutoka Kongo, na bei yake ni ya juu. Tena, tangu serikali ilipokataza ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, mbao zilipungua sokoni na bei ikapanda. Ijapokuwa mwezi wa Julai 2023 Rais alitangaza kwamba katazo hilo limeondolewa, tabia zilizozaliwa wakati wa uhaba hazikwisha kwa siku moja. Wapo mafundi watumiao mbao za masanduku ya mizigo, au vipande vilivyobaki katika kazi nyingine, wakijua kwamba kitambaa kitasitiri yote.

Hata hivyo, sitaki mwondoke hapa mkidhani kwamba saipresi ni mbao mbaya. Saipresi iliyokauka yashinda mvule mbichi. Mbao mbichi ina maji. Ikiisha kuwekwa sebuleni, maji hutoka pole pole na mbao husinyaa. Ikisinyaa, ulimi uliojaa tunduni hubaki ukicheza, msumari hupoteza mshiko, na kochi huanza kulia kila mtu aketipo. Mwenye kochi husema ni watoto wameliharibu kwa kuruka. Watoto wamesingiziwa, kochi lilikuwa limeharibika tangu siku lilipoundwa.

Utaijuaje mbao kavu? Igonge kwa kifundo cha kidole: kavu hutoa sauti kali, mbichi hutoa sauti nzito iliyoziba. Ibebe mkononi, ulinganishe uzito wake na kipande kingine cha mti ule ule. Tazama pia kama ina vitundu vidogo vya duara vyenye unga mlangoni mwake, maana hiyo ni alama ya wadudu wabunguao mbao, nao hawaachi kazi kwa sababu kochi limeuzwa.

Sasa utasema, nitaigongaje mbao iliyokwisha kuvikwa nguo? Hapo ndipo penye faida ya kuagiza kwa fundi kuliko kununua lililo tayari. Ukiagiza, patana naye tangu mwanzo kwamba utakuja kulitazama likiwa bado uchi, kabla sponji haijawekwa. Fundi mwaminifu hatakasirika. Atafurahi kwamba amepata mtu wa kuiona kazi ambayo kwa desturi hakuna aionaye. Akikasirika, mshukuru na uende karakana ya jirani. Siku hiyo tazama pembe za kiunzi. Pembe njema ina ulimi uliotiwa tunduni, au vijiti viwili vya mbao, pamoja na gundi, tena kibao cha pembe tatu kimekazwa kwa skrubu kwa ndani. Pembe iliyoshikwa kwa misumari mitupu haitakaa.

Na kama kochi limekwisha kufunikwa, lipo jaribio dogo. Shika mguu mmoja wa mbele, uinue kadiri ya shubiri moja. Mguu wa pili wa mbele ukiinuka pamoja nao, kiunzi ni kigumu. Ukibaki umekanyaga chini, kiunzi kinajipinda kama kikapu. Kisha sukuma mkono wa kochi kwa nje, na uegemee mgongo wake kwa nguvu. Muuzaji akikuambia, "Taratibu, mzee, utalivunja," basi amekwisha kukujibu.

Juu ya kiunzi hutandazwa ama springi za chuma zilizokunjwa kama mwendo wa nyoka, ama mikanda ya mpira iliyosukwa kama mkeka. Vyote viwili vyafaa vikiwa vimekazwa vema na kukaribiana. Kisichofaa ni gunia tupu, au kipande cha mbao nyembamba kilichopigiliwa chini. Kile cha kwanza huzama, cha pili huumiza.

Halafu huja sponji, na hapa watu hudanganywa kuliko mahali pengine pote. Sponji mpya, nzuri na mbaya, zote hujaa na kufura dukani. Tofauti huonekana baada ya miezi sita, wakati ile mbaya inapobonyea ikawa kama andazi lililokaliwa. Usiipime kwa kidole, ipime kwa mizani. Ubora wa sponji hutajwa kwa kilo katika mita moja ya ujazo. Ya kilo 16 au 18 yaweza kutumika mgongoni, lakini kwa kikalio takeni ya kilo 28 hadi 35. Chukueni mto wa kikalio wa sentimita 60 kwa 60, wenye unene wa sentimita 12. Sponji yake ikiwa ya kilo 30, itakuwa na uzito wa kilo 1 na gramu 300 hivi. Ikiwa ya kilo 16, haitafika gramu 700. Mwenye duka la nyama aliye karibu ana mizani, wala hatawatoza kitu. Fungueni zipu ya mto mwone pia kama ndani mna sponji ya kipande kimoja, au makombo yaliyojazwa ovyo. Mto usio na zipu ni mto usiotaka kutazamwa, tena haufuliki.

Juu ya raha nitasema machache, kwa kuwa mwili wa kila mtu ndio kipimo chake. Keti dakika kumi nzima, si dakika moja, wala usione haya. Nyayo zako zikanyage sakafu, na nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole vitatu. Kwa watu wengi kikalio chenye urefu wa sentimita 43 hadi 46 kutoka chini, na kina cha sentimita 50 hadi 55, hufaa. Makochi mengi ya mtindo wa sasa ni ya chini na ya kina kirefu. Kijana hujitupa humo akafurahi, lakini mama mzee mwenye maumivu ya magoti akiketi humo hawezi kuinuka mpaka avutwe mikono kama mtu aliyetumbukia shimoni. Huyo mama ndiye atakayelikalia mchana kutwa, ninyi mkiwa kazini. Mleteni aje alijaribu.

Sasa nataka kusema jambo ambalo sijamsikia muuzaji akilitaja. Sponji ya makochi hutengenezwa kwa kemikali, nayo hushika moto upesi mno na kutoa moshi mweusi wenye sumu, ambao humwangusha mtu kabla ndimi za moto hazijamfikia. Tarehe 8 Mei 1979, katika duka la Woolworths mjini Manchester, Uingereza, moto ulianzia kwenye samani zenye sponji ya namna hii, na watu 10 wakafa. Kwa sababu ya misiba kama huo, mwaka 1988 Uingereza iliweka sheria kwamba vitambaa na sponji za makochi ya nyumbani sharti ziwe za namna isiyoshika moto kwa urahisi. Sasa zifikirieni nyumba zetu za chumba kimoja huko Ruiru na Thika, futi kumi kwa kumi, ambamo kochi, pazia na jiko la gesi vimekaribiana kiasi cha mtu kuvigusa vyote bila kusimama. Umeme hukatika, mshumaa huwashwa, nao husimamishwa palipo karibu, yaani kwenye mkono wa kochi. Nawasihi sana, mshumaa usikae pale hata kwa dakika moja, wala jiko lisikae upande wa kochi, na kochi lisiwekwe mahali litakapoziba njia ya mlango. Sigara ya mgeni nayo izimiwe nje.

Kwa habari ya kitambaa, chagueni kilichofumwa kwa kubana, chenye rangi inayovumilia vumbi, hasa ninyi mkaao penye udongo mweusi wa Juja na Ruiru, ambao kiangazi huingia hata palipofungwa. Mahameli hupendeza, lakini huhifadhi vumbi. Ngozi ya kuiga huchubuka na kubanduka kama ganda la kitunguu. Ngozi halisi hudumu miaka mingi, ila si ya mfuko wa kila mtu. Vitambaa vya kufuma ambavyo akina mama huviweka mgongoni mwa kochi wengine huvicheka. Mimi sivicheki, kwani huzuia mafuta ya nywele, na hufulika. Kochi lililokwisha kutumika na mtu mwingine laweza kuwa la bei nafuu na la mbao bora, lakini likagueni mishono yote mchana kweupe, msije mkanunua kunguni pamoja nalo.

Pimeni mlango na ngazi kabla ya kulipa. Katika majengo ya ghorofa ya Ruiru ngazi ni nyembamba na hukata kona kwa ghafula, na kochi lenye umbo la herufi L, likiwa limeundwa kipande kimoja, halitapita. Mwambieni fundi aliunde kwa vipande viwili vinavyofungwa kwa skrubu.

Mwisho ni habari ya fedha. Toeni arbuni, msitoe bei yote, na salio libaki mpaka kochi liwe limeingia nyumbani na kukaliwa. Andikeni karatasi yenye aina ya mbao, uzito wa sponji, siku ya kukabidhiwa, na muda ambao fundi atalitengeneza bure likiharibika. Lipeni kwa M-Pesa, ili pabaki ushahidi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, humpa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 yaongeza nguvu juu ya hilo. Fundi akivunja mapatano na akakataa kusikia, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mtu aweza kujisemea mwenyewe pasipo wakili. Huko mtaulizwa karatasi. Basi iwekeni pamoja na picha ya kile kiunzi mliyoipiga siku kilipokuwa bado uchi.