Kuna la Kufanya: Daktari Aliyesomea Maumivu

Kama mgonjwa wako ndio kwanza amepata usingizi, punguza sauti ya redio kidogo. Tutasikilizana tu.

Leo nataka tuzungumze juu ya maneno ambayo wengi wenu mmeambiwa hospitalini: "Mpelekeni nyumbani, hakuna la kufanya tena." Pengine ni mama yako mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Pengine ni mtoto. Unafunga virago, mnapanda matatu, na usiku ule ule maumivu yanaanza. Aliyekwambia hivyo huenda hakuwa mtu mbaya. Mara nyingi ni mtu ambaye hakufundishwa. Kuna la kufanya, na lina shule yake.

Huduma hii inaitwa tiba shufaa. Ni ya mtu mwenye ugonjwa mzito kama saratani, figo zilizoshindwa kufanya kazi, moyo mgonjwa au Ukimwi uliokomaa, na kazi yake ni kumwondolea maumivu na mateso mengine. Wengi hudhani ni ya siku za mwisho pekee. Hapana. Mgonjwa anaweza kuipata tangu siku anapoambiwa ugonjwa wake, huku akiendelea na matibabu ya kumponya.

Aliyeifanya kuwa somo la madaktari ni mama mmoja wa Uingereza, Cicely Saunders. Nampenda kwa sababu alianza kama mimi, akiwa muuguzi. Mgongo ukamsumbua, akawa mfanyakazi wa jamii hospitalini, kisha akarudi darasani na kufuzu udaktari mwaka 1957. Aliona kwamba wagonjwa wa saratani walikuwa wakingojeshwa mpaka walie ndipo wapewe dawa ya maumivu. Yeye akaitoa kwa saa, kabla maumivu hayajarudi. Mwaka 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's mjini London, na madaktari wakaanza kwenda kujifunza hapo. Tangu 1987 Uingereza inaitambua kazi hii kuwa ubingwa kamili, kama ulivyo ubingwa wa watoto au wa upasuaji.

Marekani ilifanya hivyo mwaka 2006. Huko, daktari akishamaliza ubingwa wake wa kwanza, huongeza mwaka mzima wa kusomea tiba shufaa peke yake, halafu hufanya mtihani. Unaweza kuuliza, mwaka mzima wa kujifunza kutoa dawa ya maumivu? Dawa ni sehemu tu. Anajifunza kupima maumivu ya mtoto asiyeweza kusema. Anajifunza kutuliza kichefuchefu, na kumsaidia anayepumua kwa shida. Anawatembelea wagonjwa majumbani. Tena anajifunza kuketi na familia na kusema habari nzito bila kukimbia, na mwalimu wake huwa pembeni akisikiliza anavyozungumza. Laiti sote tungefundishwa hilo la mwisho.

Hapa kwetu, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, katika uwanja wa Hospitali Kuu ya Kenyatta. Daktari Anne Merriman, aliyefanya kazi hapo mwanzoni, alivuka mpaka akaanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha sheria, ikawaruhusu wauguzi na maafisa wa kliniki waliosomea tiba shufaa kuandika mofini, kwa sababu madaktari hawakutosha. Kenya nayo madaktari bingwa wa kazi hii ni wachache. Anayekuhudumia huenda akawa muuguzi au afisa wa kliniki aliyeongeza masomo. Usimdharau kwa kuwa hakuitwa daktari. Kuna hospisi Nyeri, Meru, Eldoret, Kisumu na Mombasa, na hospitali kadhaa za kaunti zina kitengo cha tiba shufaa.

Sasa niwaambie jambo langu.

Nilisomea uuguzi miaka mitatu na nusu. Maumivu ya saratani tulipewa kipindi kimoja, na mwalimu alikuwa na haraka. Nilipoajiriwa, wodini kwangu alilazwa mama mwenye saratani. Faili lilisema apewe mofini kila baada ya saa nne. Mimi nilikuwa naichelewesha. Wakati ukifika najiambia, hajalia sana, ngoja kidogo. Niliogopa atakuwa mraibu. Niliogopa nitamuua. Usiku mmoja binti yake alikuja mezani pangu mara tatu. Mara ya tatu alinishika mkono akasema, "Sista, naomba." Nikamwambia, bado.

Mama yule alifariki siku chache baadaye. Miaka miwili ikapita ndipo nikapelekwa kozi ya wiki moja ya tiba shufaa. Siku ya pili mwalimu alichora saa ubaoni, akaeleza kwamba dawa ile hudumu mwilini kama saa nne, na ukiichelewesha maumivu hupanda hata kuyashusha kukawa kazi. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji mpaka nikaweza kurudi darasani.

Kwa hivyo, mlezi, nakupa nililolijua nikiwa nimechelewa. Mofini ya maji hutolewa kwa saa. Kwa kawaida ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, halafu saa nne usiku, ambapo mara nyingi huagizwa kipimo maradufu ili mgonjwa alale mpaka asubuhi. Fuata kipimo ulichoandikiwa wewe. Usisubiri alie. Usiongeze wala usikatishe ghafla bila kumuuliza aliyekuandikia. Mgonjwa anayeitumia kwa maumivu, na kwa maagizo, ni nadra kuwa mraibu, na haiandikwi kwa ajili ya kumharakisha mtu kufa.

Siku mbili tatu za kwanza anaweza kusinzia sana, kisha huzoea. Kufunga choo hakuzoeleki, kwa hivyo omba dawa ya kulainisha choo siku ile ile unayopewa mofini. Wauguzi wengine husahau, mkumbushe. Lakini ukiona haamki ukimwita na kumtikisa, au anapumua polepole mno, mkimbize hospitalini. Chupa ifungie mahali ambapo watoto hawafiki, na usimgawie jirani hata kama naye ana saratani. Kipimo cha mama yako kinaweza kuwa sumu kwake.

Maumivu yapime kwa vidole. Mwambie mgonjwa akunje ngumi kama hana maumivu, ainue kidole kimoja yakiwa kidogo, na vyote vitano yakiwa hayavumiliki. Watoto wa shule huelewa haraka kuliko sisi. Kwa yule mchanga, tazama uso, tazama anavyokunja miguu, sikiliza kilio kilichobadilika. Andika kwenye daftari saa uliyotoa dawa na vidole alivyoonyesha. Daftari hilo humsaidia anayekuandikia dawa kujua kama kipimo kinatosha.

Na wewe mwenyewe, mama, ni lini ulilala usiku mzima? Mwite dada yako, au mwenzako wa chama, akupokee saa za jioni. Mwonyeshe daftari, atajua la kufanya.

Ukirudi hospitalini, uliza hivi: "Hapa kuna mtu aliyesomea tiba shufaa?" Wakisema hakuna, usiinuke kitini. Uliza tena: "Ni hospitali gani ya karibu iliyo naye, na mtaniandikia barua ya kwenda huko?" Yaandike maswali hayo mawili kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani, kwa maana ukishaona koti jeupe maneno hupotea.