Tupime Hewa Yetu: Masomo ya Uzamili katika Intaneti ya Simu na Mawasiliano Yasiyotumia Waya



Tasnifu nyingi za mawasiliano zinazoandikwa katika vyuo vyetu hufanana zikifika sura ya tatu. Mwanafunzi anataka kujua mawimbi yanapungua nguvu kiasi gani kati ya mnara na simu. Anachukua fomula ya Okumura na Hata, anaingiza masafa, umbali na urefu wa mnara, kompyuta inamchorea mchoro, na kazi inasonga mbele. Fomula hiyo ina kwao. Yoshihisa Okumura na wenzake walifanya vipimo vyao ndani ya Tokyo na viunga vyake, wakachapisha matokeo mwaka 1968. Mwaka 1980 Masaharu Hata akaigeuza michoro yao kuwa fomula ambayo mhandisi anaweza kuikokotoa kwa dakika chache. Ni kazi kubwa na bado inatufaa. Lakini namba zake zimebeba majengo, mitaa na vilima vya Tokyo ya zama zile. Hazina paa la bati la Manzese, hazina bonde la Lushoto, wala hazina maji ya bahari yaliyo kati ya Bagamoyo na Unguja.

Ninachokuja kukitetea leo ni hiki: shahada ya uzamili ya intaneti ya simu isiyomtoa mwanafunzi nje akapime mawimbi ya mahali anapoishi ina pengo, hata kama hesabu zake zote ni sahihi.

Masaharu Hata mwenyewe alitaja mipaka ya fomula yake. Inafaa kwa masafa ya megahezi 150 hadi 1500, umbali wa kilomita 1 hadi 20, na antena ya mnara iliyo kati ya mita 30 na 200 kwenda juu. Sasa ipeleke Usambara. Pale Irente ardhi inaporomoka mamia ya mita mpaka tambarare ya Mazinde. Mnara ukiwa ukingoni, urefu wake kwa mtu aliye chini unaipita mipaka hiyo kwa mbali, na kwa mtu aliye bondeni nyuma ya kilima kinachofuata mnara huohuo ni kama haupo. Mwanafunzi anayekaa maabara hatayaona haya, kwa kuwa programu haimkatazi kuingiza namba iliyo nje ya mipaka. Inampa jibu tu, tena lenye desimali nne.

Pwani kuna somo jingine ambalo nadhani tumelidharau kupita kiasi. Juu ya bahari yenye joto hutanda tabaka la hewa yenye unyevu mwingi, na tabaka hilo huweza kuyapinda mawimbi yakafuata uso wa maji na kufika mbali kuliko yalivyokusudiwa. Kutoka Bagamoyo hadi Unguja Mjini ni zaidi ya kilomita 40. Mvuvi aliye upande mmoja anaweza kuona simu yake imeshika vizuri mnara wa upande wa pili, lakini akipiga, haiendi. Sababu mojawapo imo ndani ya muundo wa kizazi cha pili cha mitandao ya simu. Simu lazima itume mapema kidogo ili ishara yake ifike mnarani kwa zamu yake. Kuna hatua 63 za kuwahisha, kila moja ni sawa na takriban mita 550, kwa hiyo umbali ukizidi kilomita 35 hivi simu inausikia mnara lakini mnara hauwezi kuipangia zamu, isipokuwa mtambo umewekwa kwa seli ndefu. Jambo hili linahusu usalama wa watu walio baharini. Ni nani atakayelipima mwaka mzima, kaskazi na kusi, kama si mwanafunzi wa uzamili wa pwani hii?

Watu husema vifaa ni ghali, na ni kweli kwamba kichanganuzi kizuri cha masafa kinaweza kumaliza bajeti ya idara. Ila tusijifiche nyuma ya hoja hiyo. Kuna kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, kilichotengenezwa kwa ajili ya kutazama televisheni, ambacho kwa programu huria kinageuka kuwa redio ya kuchunguza masafa kuanzia megahezi 24 hivi hadi juu ya 1700. Simu ya kawaida ya Android nayo husoma nguvu ya ishara, namba ya seli na mahali ilipo. Kusawazisha vifaa hivyo kabla ya kuviamini ni kazi, na kazi hiyo ndiyo mafunzo yenyewe. Kurusha mawimbi ni suala tofauti: hapo kibali cha mamlaka ni lazima, na mwanafunzi ajue hivyo tangu wiki ya kwanza.

Niseme zaidi kuhusu mvua, maana hapa naona utajiri ambao bado tumeukalia. Minara mingi huunganishwa kwa mikondo ya mikrowevu inayotazamana kutoka mlingoti hadi mlingoti. Masafa yakizidi gigahezi 10 hivi, matone ya mvua huanza kuyala mawimbi hayo sawasawa, na masika yanapochachamaa mhandisi wa zamu huona nguvu ya mapokezi ikishuka. Kwake hilo ni kero. Mwaka 2006 watafiti wa Israeli walionyesha katika jarida la Science kwamba kushuka huko kunaweza kukokotolewa kinyumenyume hadi kupata kiasi cha mvua iliyonyesha kati ya minara miwili. Mwaka 2014 yakachapishwa matokeo ya Burkina Faso, kutoka mkondo wa kampuni ya simu karibu na Ouagadougou, kwenye nchi ambayo vituo vya kupimia mvua ni vichache. Minara ilikuwa imesimama tayari. Takwimu zilikuwa zikihifadhiwa kwa ajili ya matengenezo tu. Kilichohitajika ni mtu wa mawasiliano na mtu wa hali ya hewa kukaa meza moja, na kampuni kukubali kutoa kumbukumbu zake.

Nguvu ya mapokezi kati ya mlingoti na mlingoti haisemi nani kampigia nani, kwa hiyo faragha ya mteja haiguswi. Ninaomba vyuo vyetu viende kwa kampuni za simu na kwa mamlaka za mawasiliano na ombi moja lililoandikwa vizuri, badala ya kila mwanafunzi kuzunguka na barua yake mkononi mpaka muda wa utafiti unakwisha.

Halafu lipo swali la menyu za nyota na reli. Mamilioni ya watu hutuma fedha kwa kubonyeza nyota, namba, reli, bila intaneti na bila simu janja. Katika kizazi cha pili mazungumzo hayo hupita kwenye njia za udhibiti, zilezile zinazotumika kuanzisha simu na kupitisha meseji. Ujumbe mmoja hauzidi herufi 182, na muda ukiisha unaanza upya. Mwisho wa mwezi mshahara ukitoka, au siku ya mnada, foleni inakuwaje kwenye njia hizo? Menyu yenye hatua saba inabeba mzigo gani kuliko yenye hatua nne? Ni swali la nadharia ya foleni, lina hesabu nzito ya kutosha shahada ya uzamivu, na mama anayeuza mboga analipia kukosekana kwa jibu hilo kila muamala unapokatika. Sioni kwa nini tusubiri chuo cha mbali kituulizie.

Kupima hakumwondolei mtu hesabu, na hapa naongea na ninyi wanafunzi. Claude Shannon alionyesha mwaka 1948 kwamba njia yoyote ya mawasiliano ina kikomo cha kasi kinachotokana na upana wa masafa na uwiano wa ishara na kelele. Asiyeielewa kanuni hiyo hawezi kutafsiri alichokipima. Vyeti vya kuendesha mitambo ya kampuni fulani vinasaidia kupata ajira, lakini mtambo ukibadilishwa elimu ile hupungua thamani, ilhali nadharia ya uwezekano na aljebra ya mstari hubaki. Katika kizazi cha tano, data hulindwa dhidi ya makosa kwa misimbo ambayo Robert Gallager aliieleza katika tasnifu yake ya uzamivu mwaka 1960. Njia za udhibiti hulindwa kwa misimbo ya Erdal Arıkan, aliyekuwa mwanafunzi wa Gallager kule MIT, kisha akarudi Uturuki kufundisha Chuo Kikuu cha Bilkent, Ankara. Aliuandama mzizi wa tatizo la kukifikia kikomo cha Shannon kwa miaka mingi, akachapisha mwaka 2009. Mwaka 2016 misimbo yake ilikubaliwa katika viwango vya kizazi cha tano. Nataka mwanafunzi wa Dodoma, Arusha au Juja aijue habari hii, kwa sababu kazi hiyo ilifanyika chuoni Ankara, si kwenye maabara ya kampuni kubwa ya simu.

Kwa vitendo, napendekeza muhula wa pili uwe na kozi ya lazima ya vipimo, yenye alama sawa na kozi ya nadharia. Kila kikundi kipewe njia moja ya kupima: daladala ya Mbagala, barabara ya Mombo hadi Lushoto, boti ya Unguja. Kipimo kiandikwe pamoja na saa, mahali, urefu wa antena, hali ya hewa na aina ya kifaa, kisha kiwekwe kwenye hazina moja ya chuo, wazi kwa wote. Mtahini wa tasnifu apewe ruhusa ya kuomba takwimu ghafi, na mwanafunzi wa mwaka unaofuata arudi kwenye njia ileile kuona kilichobadilika baada ya mnara mpya kusimikwa au ghorofa kuongezeka. Idara iliyo tayari kuanza na njia moja inaweza kuanza vuli hii, kwa vipokezi vitano na nauli ya daladala.